Mama, Mshumaa Uko Wapi?

Leo sizungumzii siasa wala bei ya nyanya. Leo naomba tuingie pamoja mahali ambapo mgeni hakaribishwi hata siku ya sikukuu. Tuingie stoo.

Naanza na swali. Umeme ukikatika usiku wa leo, nani nyumbani kwako anajua mshumaa uko wapi? Usijibu haraka. Sijauliza kama mshumaa upo, nauliza nani anajua ulipo. Katika nyumba nyingi jibu ni mtu mmoja tu, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Giza likiingia, sauti zinatoka vyumba vyote: "Mama, mshumaa uko wapi?" Naye anajibu palepale alipo, hata hajainuka: "Nyuma ya deli la bluu, juu ya boksi la pasi, kuna kopo la maziwa. Humo. Na uangalie usiniangushie feni."

Umesikia jibu hilo? Stoo ile tunayoiona vurugu tupu kumbe ina mpangilio. Ila mpangilio wenyewe uko kichwani mwa mtu mmoja. Na hapo ndipo penye mazungumzo yangu ya leo. Neno lenyewe nitalisema sasa, na nitalirudia baadaye kwa ajili ya aliyechelewa kuwasha redio: stoo haijapangwa mpaka mtu mwingine, asiye wewe, aweze kuingia akatoa kitu bila kukuita.

Tunaposema stoo tuna maana gani? Kwa waliokulia Magomeni au Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba huku na huku, stoo ilikuwa kule uwani, inapakana na jiko, si mbali na choo. Nyumba za siku hizi zina kichumba kando ya jiko chenye kidirisha kidogo, au hakina dirisha kabisa. Wa ghorofani wana kabati la kwenye korido, au pale chini ya ngazi. Na wewe uliyepanga chumba kimoja, usizime redio ukadhani hayakuhusu. Uvungu wa kitanda chako ni stoo, na juu ya kabati la nguo pia ni stoo. Nitakufikia.

Haya, mazagazaga yanatoka wapi? Hayaji siku moja. Kuna nyumba Dar es Salaam ambazo antena ya zamani ya televisheni iko stoo tangu matangazo ya analojia yalipozimwa pale jijini tarehe 31 Desemba 2012. Iliteremshwa juu ya paa, ikaegeshwa ukutani "kwa muda", na muda huo haujaisha. Pembeni yake kuna TV ya chogo ambayo fundi alisema inatengenezeka. Kuna mifuko ya rambo, ile iliyopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mtu ameikunja vizuri kabisa, ameiweka, haitumii wala haitupi. Kuna feni yenye panga mbili badala ya tatu, kuna ndoo isiyo na mshikio, na funguo nzuri za kufuli ambazo hakuna anayezijua. Kuna madaftari ya darasa la tatu, na mwenye madaftari yuko chuo kikuu mwaka wa pili.

Halafu kuna vitu vya watu. Hivi nisipovitaja nitakuwa nimedanganya. Begi la mpwa aliyekwenda kutafuta kazi Mwanza, la mpangaji aliyehama akasema "nitalifuata mwisho wa mwezi", sufuria ya jirani iliyobaki tangu arobaini ya marehemu babu, godoro la shangazi. Stoo za kwetu zinatunza ukoo mzima, na ndiyo maana ushauri mwingi wa kupanga nyumba unaotufikia kutoka nje haukai sawa.

Nichukue mmoja. Mwanamama wa Kijapani, Marie Kondo, amejulikana dunia nzima kwa ushauri wake: shika kitu mkononi, jiulize kama kinakuletea furaha moyoni. Kama hakileti, kishukuru, kiache kiende. Simdharau, na kwa kabati la nguo ushauri wake umewafaa wengi. Lakini hebu, msikilizaji, shika sufuria ya kupikia pilau la watu mia. Ina masizi, ina uzito, imeziba njia. Inakuletea furaha? Hata kidogo. Haya, itupe, halafu usubiri simu ya usiku.

Maana sisi tuna shughuli. Kuna maulidi, kuna kipaimara, kuna kumtoa mwali, kuna hitima, kuna kamati za harusi zinazokutana kwako bila kukuuliza. Majamvi yaliyokunjwa pale nyuma ya mlango hayakai bure. Ni kweli, siku hizi mjini maturubai, viti na masufuria vinakodishwa, na mimi nakubali kwamba nyumba ya vyumba viwili haina haja ya kutunza viti hamsini vya plastiki. Lakini mwenye kukodisha anafika asubuhi, na msiba unaingia usiku. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: tunza kile kinachohitajika usiku wa kwanza. Birika kubwa, sufuria mbili, vikombe, majamvi, ndoo za maji. Vingine mwachie mwenye biashara yake.

Na hapo kwenye msiba naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo stoo inapopewa mtihani wake wa kweli. Habari imefika saa tatu usiku. Kabla ya saa nne majirani wamejaa. Mama mwenye nyumba amekalishwa kwenye mkeka, amefunikwa khanga, hashiki chochote, na hatakiwi kushika chochote. Jikoni wameingia wanawake wa mtaa, wamefunga vibwebwe, wako tayari. Wanataka chujio la chai. Wanataka mwiko mkubwa. Wanataka kujua sukari ya akiba ipo au waende dukani kabla mwenye duka hajafunga. Nani ataingia ndani, amwinamie mfiwa sikioni, amwulize: "Samahani dada, chujio liko wapi?" Na msikilizaji, unajua kwamba huulizwa. Katikati ya kilio mtu anaulizwa chujio, naye analijibu, kwa sababu hakuna mwingine anayejua.

Si lazima uwe msiba. Mama akilazwa hospitali itakuwa hivyohivyo, na akisafiri kwenda kumwuguza mama yake kijijini, au akijifungua. Nyumba inabaki na watu wazima watatu na hakuna anayejua dawa ya mbu inakaa wapi. Kwa hiyo ninaposema tupange stoo, sisemi ipendeze. Stoo haina haja ya kupendeza. Nasema ijulikane na zaidi ya mtu mmoja.

Sasa, kuna mahali hapahapa kwetu ambapo tatizo hili limeshughulikiwa kwa miaka mingi, nako ni hospitalini. Huenda umeyaona maneno haya yamebandikwa ukutani ukiwa kwenye foleni ya dirisha la dawa: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni zile S tano. Utaratibu huu ulianzia viwanda vya Japani, ukaonekana unafaa katika hospitali ya akina mama kule Colombo, Sri Lanka, na kuanzia mwaka 2007 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na shirika la Kijapani la JICA, ikauingiza kwetu kwa kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya. Kwa nini hospitali? Kwa sababu hospitali inakwenda kwa zamu. Muuguzi wa usiku hawezi kumpigia simu mwenzake wa mchana, aliyelala nyumbani, kumwuliza dripu ziko kabati gani. Mgonjwa hangoji. Kitu lazima kiwe mahali ambapo mtu yeyote wa zamu yoyote atakiona.

Basi na sisi tuazime zile S tano, tuzilete nyumbani. Ila sitazigawia muda sawa. Tatu ninaweza kuzimaliza kwa pumzi moja. Kazi kubwa iko kwenye mbili za mwanzo.

Kusasambua ni kutoa vyote nje. Nikisema vyote nina maana vyote, hata lile dumu tupu. Kosa la wengi ni kupanga wakiwa wamesimama mlemle ndani: unatoa cha kona hii, unakipeleka kona ile, jioni umechoka na vitu ni vilevile. Chagua siku kavu. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, inafaa sana, kwa sababu mikeka na majamvi yatapata jua na upepo. Usianze katikati ya masika, mvua ikakukuta na magodoro uwani. Tandika turubai, anza asubuhi, na muhimu kuliko yote, waite wote. Waite watoto. Mwite na baba, tena yeye wa kwanza, maana nusu ya makorokoro ni yake: vipande vya bomba, koki mbovu, kopo la rangi lililokauka, nusu mfuko wa saruji uliogeuka jiwe tangu ujenzi wa ukuta. Atasema itafaa. Mwulize taratibu: saruji iliyogeuka jiwe itafaa nini?

Kila kitu kikitoka, kiulizwe mbele ya wote: wewe ni wa nani, na ulitumika lini mara ya mwisho? Mengine yataamuliwa palepale. Vyuma na sufuria zilizotoboka wapo wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mtaani. Madaftari yenye kurasa nyeupe yanatolewa kurasa, yaliyobaki yanakwenda kufungia karanga. TV ya chogo mpelekee fundi aitoe vipuri, lakini usiwaache watoto waivunje, kwa sababu kioo chake kina madini ya risasi. Na betri ya simu iliyovimba usiitoboe wala usiitupe kwenye moto wa takataka, na usiirudishe ndani. Ipeleke kwa fundi simu mwenye kujua pa kuipeleka.

Vipi vile ambavyo watu wanabishania? Hapa hospitali wana ujanja mzuri. Kitu chenye shaka wanakibandika kikaratasi chekundu chenye tarehe, wanakitenga. Muda waliokubaliana ukipita hakuna aliyekitafuta, kinaondoka. Fanya hivyo nyumbani. Funga kitambaa chekundu, andika tarehe, kubalianeni mwisho wake, labda Idi, labda Krismasi. Hakuna ugomvi. Ile feni ya panga mbili imepewa nafasi yake ya kujitetea.

Na vitu vya watu? Piga simu. Sema kwa heshima: "Mwanangu, begi lako bado liko hapa. Nikulipakie kwenye basi la Mwanza Jumatatu, au utalifuata?" Sufuria ya jirani isuguliwe, irudi kwake leo, na isirudi tupu, weka hata maandazi mawili. Utashangaa nafasi itakayopatikana. Na pengine utashangaa pia kwamba vyako viwili vitatu vilikuwa kwake.

Sasa kabla hatujarudisha chochote ndani, hapa naomba usikivu wako. Mwenye kupika apunguze moto kidogo, asogee.

Mtungi wa gesi usikae stoo. Narudia, mtungi wa gesi usikae stoo isiyo na hewa, hata ule tulioambiwa ni mtupu, kwa sababu mtupu nao hubaki na mabaki. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu itokee dirishani. Inatambaa sakafuni, inajikusanya kwenye kona, inangoja cheche moja ya swichi. Mtungi ukae umesimama, mahali penye hewa.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji. Mtoto mwenye kiu haulizi. Anaiona chupa anayoijua, anaifungua, anakunywa. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, usimtapishe na usimpe maziwa, kwa sababu mafuta yakipanda tena yanaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo yanapoua. Mkimbize kituo cha afya, na chupa uibebe mwonyeshe daktari.

La tatu ni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hii wengi tunaiita jiki hata kama jina la kwenye chupa ni jingine. Isikae pamoja na dawa ya choo yenye tindikali, na kamwe zisichanganywe kwenye ndoo moja kwa tamaa ya kupata choo cheupe zaidi. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, na chooni hakuna pa kukimbilia. Sumu ya panya nayo, na dawa za wadudu, ziwe kwenye sanduku lenye kufuli, juu, mbali na chakula. Na vile vidonge vya kufukizia mahindi kwenye maghala makubwa havina nafasi kabisa ndani ya nyumba mnamolala watu. Gesi yake inaua.

Nimesema gesi, mafuta ya taa, jiki na dawa ya choo, sumu. Umeandika? Haya, tuendelee.

Kama stoo yako ina nafaka, tenga upande wake. Gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Liweke juu ya chaga, hata ya mbao mbili juu ya matofali, hewa ipite chini. Unyevu ndio unaoleta kuvu, na kuvu ndiyo inayoleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo tusilichukulie kama suala la harufu tu. Halafu kuna dumuzi. Mdudu huyu si wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na huku Afrika aliripotiwa kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ubaya wake ni kwamba haishii kwenye mahindi na makopa, hutoboa hata mbao. Ukiona ungaunga chini ya shelfu, usifute tu ukaondoka. Ile mifuko ya tabaka tatu, inayojulikana kwa jina la PICS, inawakosesha wadudu hewa bila dawa yoyote, mradi mahindi yakauke sawasawa na mfuko ufungwe vizuri, tabaka moja baada ya jingine.

Na panya. Kabla sijawalaani wote niwatendee haki: alikuwapo mmoja, Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa na shirika la APOPO kule Morogoro, ambaye mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza kwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini Kambodia. Lakini huyu wa stoo yako hana nishani. Ziba tundu lake kwa saruji au kwa waya wa kusugulia sufuria. Matambara atayatafuna.

Sasa turudishe vitu ndani, na hapa ndipo penye kuseti. Vizito chini, juu ya chaga. Vya kila siku mahali mkono unapofika bila kuinama wala kupanda kiti: fagio, dekio, sabuni, pasi. Vya mara moja kwa mwaka juu kabisa. Mafagio yaning'inizwe kwa misumari nyuma ya mlango, yasisimame kwa nywele zake, yatapinda. Kama meinswichi ya umeme iko humo, mbele yake pabaki wazi, mtu aifikie gizani bila kuruka debe. Jiko la mkaa liingie likiwa limepoa kabisa, na majivu yake yaishie nje.

Hayo wengi mnayajua. Ninalotaka mlichukue ni hili: usipange kwa aina ya kitu, panga kwa tukio. Tulizoea vijiko na vijiko, sufuria na sufuria, taa na taa. Lakini umeme ukikatika mtu hatafuti taa peke yake, anatafuta mshumaa, kiberiti, tochi na betri zake, na leo kila kimoja kina kona yake. Viweke pamoja kwenye ndoo moja. Hizi ndoo za rangi za lita ishirini, zikishasafishwa vizuri, zina mfuniko unaobana, panya haingii, na zinapandana. Ya kwanza iwe ya giza, ikae karibu kabisa na mlango, usiifukie ndani. Ya pili iwe ya fundi: nyundo, bisibisi, plaizi, misumari, tepu ya umeme, ile ya bomba. Ya tatu iwe ya wageni wengi, yaani ya shughuli na msiba: chujio, upawa, mwiko mkubwa, vijiko vya chai, visu viwili, kopo la majani, sukari iliyofungwa vizuri. Nyingine utaongeza mwenyewe kulingana na nyumba yako. Wa Jangwani na bondeni kote mnaojua maji yanapopita, mtakuwa na ndoo ya mvua.

Halafu andika. Kalamu ya wino mzito, herufi kubwa, maandishi yaelekee mlangoni. Usiandike "mbalimbali". Mbalimbali si jina la kitu. Mpe kazi hiyo mtoto wa darasa la tano, ataifurahia, na ataijua stoo kukupita wewe. Kama nyumbani kuna bibi asiyesoma, funga kitu chenyewe nje ya ndoo. Kijiko kilichofungwa kwa kamba kwenye mshikio kinasomeka kwa kila mtu.

Nilimuahidi mwenye chumba kimoja. Ndugu yangu, uvungu wako unakusumbua kwa sababu unatupia vitu kutoka mbele, vinasukumwa mpaka ukutani, na vya nyuma hutaviona mpaka siku ya kuhama. Inua kitanda kwa matofali kama fremu yake inaruhusu, weka maboksi marefu au mabeseni mapana ya kuvuta, yasiyozidi safu moja. Kinachohitaji kuhamisha kingine ili kipatikane hakijapangwa. Nguo za sanduku zitie karafuu kidogo, na sanduku lisikae chini kabisa ukutani, hasa kwa tulio mwambao ambako ukuta unatoka jasho. Mafuta ya taa na sumu uvunguni hapana. Unalala hapo.

Kusafisha sina la kuwafundisha. Kusanifisha ni kukubaliana tu kwamba ndoo ya giza ni ya mlangoni, leo na mwakani, hata aliyetoa mshumaa wa mwisho anajua anapaswa kusema. Ila kushikilia, hapo tunashindwa wengi, na sababu moja inajulikana ingawa hatuisemi. Nyumba nyingi za mjini stoo ni ya dada wa kazi. Yeye ndiye anayejua kila kitu kilipo. Siku anapoaga kwenda kwao, ramani yote ya nyumba inapanda naye basi. Anakuja mwingine, analaumiwa kwa mwezi mzima kwamba ni mzito, haelewi, kumbe hakuna aliyemwonyesha chochote kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua. Si haki. Maandishi yale kwenye ndoo yatamsaidia huyo binti kuliko kumfokea. Na mwenye kuchukua, awe baba, awe mtoto, awe mgeni wa wiki mbili, arudishe mwenyewe, asimwachie yeye.

Unaweza kujua leo hiihii kama kazi imekamilika. Jioni, mwite mtu ambaye hakushiriki kupanga. Mwambie: niletee tochi, niletee chujio, niletee bisibisi. Wewe kaa barazani, usimwelekeze hata kwa kidole. Akirudi na vitu vitatu bila kukuita, hongera. Akiita "Mama!" hata mara moja, kile alichokiitia ndicho cha kuhamisha.

Limebaki suala la kufuli, na wengi wataniuliza. Stoo ya ndani usiifunge. Kufuli liwe kwenye lile sanduku la sumu. Stoo ya uwani lazima ifungwe, wezi wapo, sina ubishi. Basi ufunguo wake uwe na msumari wake mmoja jikoni, juu kidogo, watoto wadogo wasiufikie, na mbali na yale mafungu ya funguo zisizojulikana. Kisha mchague jirani mmoja unayemwamini, umwambie msumari huo uko wapi.

Fundi mitambo ananionyesha saa, na ananionyesha kwa ukali. Jumamosi ijayo, majaliwa, tutafungua friji, na hapo tutaanza na vile vikopo vya siagi ambavyo ndani hamna siagi. Mimi nawatakia kazi njema huko uwani. Kwaherini.